Mwili Uliojifunza Woga Mazinde

Harufu ya makapi ya mkonge huizoei hata kama umezaliwa ndani yake. Ni uchachu mzito, kama wa majani yaliyolowekwa yakasahaulika, na mvua ikinyesha unakupanda hadi kooni. Tulikaa Mazinde, kwenye nyumba za zamani za kambi ya wakata mkonge, chumba kimoja na kibaraza chake. Babu yangu alikuja huko kutafuta kazi akitokea mbali, baba akazaliwa palepale. Mama alikuwa Mzigua wa Handeni. Masika ninayoyasimulia yalinikuta darasa la tatu. Kibarua cha baba kilikuwa kimekatika, na akaanza kunywa boha, ile pombe ya miwa, tangu mchana. Akirudi, alimpiga mama.

Hakuwa na saa maalumu ya kurudi, kwa hiyo mama alinipa kazi. “Wewe una masikio mepesi,” aliniambia. “Kaa hapo kibarazani, ukimsikia uniambie.” Nilikaa nikichambua mboga huku nikisikiliza njia. Nilijua miguu yake kwenye tope hata akiwa katikati ya watu. Akija anaimba, tulipumua. Akija kimya, nilikimbilia ndani, na mama aliepua chungu ili angalau chakula kisimwagike. Nilijifunza kula harakaharaka, kubana mkojo, na kulia bila sauti. Siku moja darasani ubao wa kukalia ulianguka, nikajikuta nimejikunja chini ya dawati kabla sijajua kilichotokea. Wenzangu walicheka sana, na mimi nikacheka pamoja nao, huku moyo ukinidunda hadi masikioni.

Mama alikuwa mjamzito masika yale. Mimba iliharibika baada ya kipigo kimoja ambacho majirani wote walikisikia. Alipoweza kusimama alifunga khanga zake ili arudi kwao Handeni. “Nikikuchukua atatufuata,” alisema. “Nisubiri, mwanangu. Nitakuja.” Alikuja mahindi yalipokauka shambani, akiwa na kaka yake, wakanichukua. Miezi ile ya katikati nilibaki na baba peke yetu. Hakunipiga kila siku, na hilo lilikuwa baya kuliko kupigwa kila siku, kwa sababu siku aliyoninunulia maandazi nilikaa nimeyashika mkononi, nimekaza mgongo, nikingoja kitakachofuata.

Yakapita. Nilisoma Handeni, nikajifunza kushona, nikaolewa na kuhamia Korogwe. Mume wangu, Shabani, ni mtu ambaye hupiga hodi hata nyumbani kwake. Baba alishafariki wakati huo, na nilimzika bila chozi. Niliamini mambo yamekwisha. Nilipopata ujauzito, mwili wangu ukaamka kama mtu aliyeitwa kwa jina. Mlango ukigongwa, viganja vililowa jasho. Shabani akikohoa uani, tumbo lilikaza likawa gumu kama jiwe, na mtoto humo ndani alitulia tuli, kana kwamba naye anasikiliza.

Kliniki walipima presha yangu wakaikuta juu. Muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliniambia nipumzike kwenye benchi, kisha akanipima tena. Ilikuwa imepanda zaidi. Alifunga mlango wa chumba chake.

“Mama, nyumbani kuna usalama? Mume anakupiga?”

“Hapana. Hajawahi hata kunifokea.”

Alinikagua mikono na shingo akitafuta alama, nikajua haniamini. Nikamwambia habari za Mazinde, kwa mara ya kwanza kumwambia mtu yeyote. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniambia kwamba wapo wanawake wengi wanaofika pale wakiwa hivyo. Kwamba mtoto anayekua kwenye hofu, mwili wake huzoea kukaa tayari kwa hatari, na mara nyingine mimba huurudisha hapohapo, na hata baada ya kujifungua huchelewa kutulia. Nilimuuliza dawa yake. Alinipa vidonge vya presha. “Kwa hilo lingine,” alisema, “jitahidi usikae peke yako.”

Zuhura alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kama kifaranga. Wanawake wenzangu wodini walilala kila watoto wao walipolala. Mimi nilikaa macho wazi nikimlinda, nisijue namlinda na nini. Maziwa yalitoka kwa shida. Akilia, mikono yangu iliingiwa na baridi, na kuna mara nyingi nilimlaza kitandani nikatoka kwenda kusimama uani, meno yakigongana kwenye jua kali. Nikimbeba alijikaza mwili mzima. Shabani akimpokea, alilegea na kusinzia. Shabani hakuwahi kulisema hilo, lakini sote wawili tuliliona.

Mama alikuja kutoka Handeni kuniuguza. Alikuwa akinikanda kwa maji ya moto nilipomuuliza kama naye alikuwa hivi kule Mazinde. Aliacha kukanda.

“Mimi nilikuwa namwogopa mtu,” alisema. “Wewe unamwogopa nani?”

“Sijui, mama.”

Alikamua kitambaa akakirudisha kwenye beseni. “Nilipokuacha kule nilijipa moyo. Nilisema bado mdogo, atasahau.” Alinikanda hadi maji yakapoa.

Sasa Zuhura anakimbia. Nimeendelea kwenda kliniki, nimesali, nimeongea na mama mkwe, na nimehudhuria vikao vya akina mama ambako tunakaa kwenye mkeka na kila mmoja anasema yake. Kuna siku nzuri. Hazidumu. Nikiulinganisha utoto wake na wangu, yeye ana kila nilichokikosa: anakula ameketi, baba yake anambeba begani hadi sokoni, hakuna aliyewahi kuinua mkono katika nyumba yetu. Juzi alimwaga uji sakafuni. Sikusema kitu. Nilisimama tu, pumzi zimenikaa kifuani, sura yangu ikiwa sijui imekuwaje. Mtoto alinitazama usoni, akaweka kikombe chini, akafuta uji ule kwa gauni lake harakaharaka, kimya kabisa. Mimi nilikuwa na baba wa kumsikiliza akija, na siku moja mjomba alikuja akanitoa kwake. Mwanangu ananisikiliza mimi, nami niko naye kutwa.