Ndizi Ndani ya Ekseli

Harufu ya mafuta mazito ya gia, inayokaribiana na ya yai viza lililopashwa moto, huwafanya wengine wazibe pua. Mimi hunipa hamu ya kulipiza kisasi. Nilikuwa na miaka tisa mama yangu, mjane muuza unga, aliponunua kamioneti kuukuu kwa Tata Mwepu, kiongozi wa kwaya ya parokia yetu hapa Kolwezi, ambaye siku za kazi aliuza magari kando ya soko. Kamioneti ilikuwa ya kuleta mahindi kutoka Lubudi kabla mvua haijakata barabara. Ukichelewa, chakula cha msimu mzima kimekwenda. Siku ya kununuliwa gari hilo lilikuwa kimya kama mtawa. Wiki ya pili lilianza kuguna nyuma, kisha kulia, na kila asubuhi tulikuta dimbwi jeusi uani. Njia ya mwongo ni fupi: safari ya kwanza tu lilikwama, na magunia yote yakanyeshewa hadi mahindi yakaota.

Mama hakulia. Alimwita Tata Ilunga, fundi aliyestaafu mgodini. Huyo alijilaza mahali pa mizigo, ndani ya kamioneti, sikio kwenye bati, mama akiendesha polepole. "Ukikanyaga inalia, ukiachilia inanyamaza," akasema. "Ni meno ya gia." Alilinyanyua gari kwa jeki, akafungua kizibo cha ekseli ya nyuma, ambayo sisi huiita ponti. Yalitoka mafuta, kisha uji mweusi wenye nyuzi. Aliunusa, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, ile mutu alilisha ponti yako ndizi!"

"Ndizi gani, Tata?"

"Za kuiva. Zinafunga meno mudomo siku kidogo tu. Nyuma ya hizo siku zinachoma kila kitu."

Alitafuta meno mengine katika gari lililokufa huko Kasulo, akayapaka rangi kidogo aone yanapogusana, akaweka na mipira mipya ya kuzuia mafuta. Wakati huo mimi nilipendekeza tutie mchanga katika tangi la Tata Mwepu. Mama alinikemea, lakini si kwa sababu za Kikristo. "Mchanga ataona yeye peke yake," alisema. "Mi nataka baone bote."

Akahamisha meza yake ya unga hadi mbele ya magari ya Tata Mwepu. Juu yake aliweka beseni la ule uji, na meno yaliyolika juu ya kitambaa safi. Kila aliyekuja kutazama gari alimwuliza kwa upole: "Tata, ulifungua ponti?" Wiki tatu zikapita bila gari kuuzwa. Ndipo muuzaji akaja, shati jeupe limepigwa pasi.

"Mama, unisamehe. Nitakulipa mahindi yote."

"Mahindi nilikwisha kutupa. Mutu akikuja kununua, weye mwenyewe ulale chini, ufungue, aone."

"Na hii shemizi?" akauliza, akilishika shati lake.

"Sabuni iko ku soko."

Alilala. Msimu mzima, kila Jumamosi, niliketi nikitafuna karanga na kuitazama miguu ya kiongozi wa kwaya ikichungulia chini ya magari. Wasomi wenzangu husema kisasi ni kichungu. Hawajakionja na karanga.

Siku hizi magari huuzwa kwa picha za simu, yanameta kama maharusi. Mwaka jana, mimi mwenye shahada mbili, nilinunua moja, na ekseli ya nyuma ikaanza kulia kabla sijafika Mutshatsha. Nilimwandikia muuzaji barua ya kurasa tatu, ikiwa na aya nzima kuhusu utu. Hakujibu. Tunakutana kanisani, ananiita "Profesa!" kwa furaha ya kweli, nami namwitikia kwa tabasamu. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga. Yeye amedhani hivyo, na analala usingizi mzuri.