Macho ya Mbwa wa Bibi

Mwezi uliopita nilimsindikiza mjukuu wangu kliniki, pale Singida mjini. Ana mimba ya kwanza. Nesi, binti mwenye sauti ya upole, akafungua kadi na kuanza kuuliza: kwenye ukoo kuna presha? Kisukari? Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Mjukuu wangu akajibu hakuna, hakuna, hakuna, upesi upesi kama mtu anayepukuchua mahindi. Mimi nilikuwa kwenye benchi, mkoba mapajani, midomo nimeifunga. Usinihukumu bado, ndugu yangu. Ngoja kwanza nikupeleke Sepuka, enzi za Mwingereza, kwa bibi yangu na mbwa wake.

Tulikaa kwenye tembe, nyumba ndefu ya miti na udongo, paa lake bapa, na juu ya paa tulianika ufuta na majani ya mlenda. Alfajiri uliamshwa na mawe ya kusagia, mama akisaga uwele huku akiimba puani, na moshi wa jikoni ukikutana na harufu ya maziwa ya kibuyu. Wakubwa walisumbuliwa na kodi ya kichwa. Sisi watoto tulisumbuliwa na kwelea kwelea, ndege wasioshiba, tuliowafukuza shambani kutwa nzima mpaka sauti zikatukauka. Giza likiingia, ilikuwa zamu ya fisi. Boma lisilo na mbwa halikupata usingizi.

Mbwa wa bibi walijulikana. Rangi ya majivu, kifua cheupe, hawabweki ovyo. Watu walitoka mbali kuja kuomba mtoto mmoja, wameshika kibuyu cha maziwa, na bibi aliwapokea kama wachumba: mtamlaza wapi, mtamlisha nini? Jike likianza kutaka dume alilifungia kwenye chumba cha ghala pamoja na dume la humohumo nyumbani, kaka yake au hata mwanawe, ili damu isiingiliwe na mbwa wa barabarani. Ajabu ni kwamba kwa binadamu bibi huyohuyo alikuwa mkali kupita kiasi. Posa ya mama mdogo ilipoletwa, alitumia mwezi mzima kuchunguza upande wa pili: nani ana kifafa, nani alizaliwa kiziwi, nani ni ndugu wa nani. Ndugu kuoana, kwake ilikuwa laana. Kwa mbwa hakuuliza kitu.

Mmoja wa mbwa hao nilimwona kama wangu, jike aliyeitwa Watasema, jina ambalo bibi alilitoa kwa ajili ya majirani wenye midomo. Mimi ndiye niliyemlisha ukoko wa ugali wa uwele na mtindi uliobaki. Jioni moja nilimrushia mfupa, ukaanguka mbele ya pua yake, naye akahangaika kuutafuta kwingine. Kesho yake, jua likizama, akagonga kigoda cha kukamulia. Mchana aliona vizuri tu, ila mwanga ulipopungua macho yake yalikwisha kazi.

Nilijua maana yake. Mwaka uliotangulia mbwa mwingine alipofuka, watu wakasema ametemewa na swila, yule nyoka anayerusha sumu machoni. Mjomba akamfunga kamba akaenda naye nyuma ya majabali, akarudi na kamba tu. Kwa hiyo nikanyamaza. Kila jioni niliondoa vigoda njiani, nikatembea mbele ya Watasema nikipiga mluzi mdogo, naye akanifuata miguuni. Watu walisema tazama mbwa anavyompenda huyu mtoto. Nilicheka nao. Watasema akazaa watoto wanne, na bibi akawagawa.

Mmoja alikwenda kwa jirani yetu mjane, ambaye mbuzi wake wachache ndio waliomlelea watoto. Mbwa akakua vizuri, akafika mwaka na nusu. Kisha jioni moja, jua ndiyo kwanza limezama, fisi wakaingia zizini kwa mjane. Mbwa alibweka kwa nguvu zake zote, lakini uso kaelekeza ukutani. Asubuhi mjane akaja kwetu anamvuta kwa kamba. Hakupiga kelele.

"Mwenzangu, nakurudishia mbwa wako," akamwambia bibi. "Amejitahidi. Macho hana."

"Mbuzi wamebaki wangapi?"

"Mmoja."

"Swila huyo," mjomba akadakia. "Mwaka huu wamezidi."

Bibi aliagiza ungo. Akachota kunde na mbegu za maboga, akaketi uani. Hakujua kuandika, lakini koo za watu wote wa pale alizishika kichwani, na sasa akaanza kuupanga ukoo wa mbwa wake. Kunde kwa aliyeona mpaka kufa, mbegu ya boga kwa aliyepofuka. Mama juu, watoto chini, kila mtu nyumbani akisema anayemkumbuka. Mbegu nyeupe zikaongezeka, na nyingi zilikuwa chini ya wale ndugu waliofungiwa ghalani pamoja.

"Swila gani huyu," bibi akasema polepole, "anayepita maboma yote kutafuta macho ya mbwa wangu tu?"

Akafika kwa Watasema. Akaweka kunde. Kisha akasita, akanitazama.

"Wewe ndiye unayemlisha."

Nimezaa na nimezika, lakini sijashika kitu kizito kama ile punje moja ya kunde. Niliiondoa, nikaweka mbegu ya boga.

"Tangu lini?"

"Kabla hajazaa, bibi." Nikaanza kulia. "Mjomba angempeleka majabalini."

Mjane alinitazama, kisha akageuza uso. Hilo liliniuma kuliko kofi.

Bibi hakunipiga, na kamba haikuguswa. Alimpa mjane mbuzi wawili majike kutoka zizi letu. Halafu kwa siku tatu tulizunguka, yeye na mimi, kwenye kila boma lenye mbwa wa ukoo ule, na alinifanya niseme mwenyewe. Nilipiga goti, shikamoo, kisha: "Mbwa wetu wana ugonjwa wa macho, wanazaliwa nao. Msiwazalishe. Mimi nilijua, sikusema." Wengine walinionea huruma. Mzee mmoja alitufukuza, akidai tunamwonea wivu kwa mbwa wake. Siku ya mwisho, tukikaribia nyumbani, bibi akasema, "Damu ya watu niliichunguza, ya mbwa nikaifungia ghalani. Kosa lilikuwa langu kabla halijawa lako."

Watasema aliishi. Alizeeka mlangoni, kapofuka kabisa, akijua hatua za kila mmoja wetu, na hakuzaa tena. Bibi alichukua mbwa wa majirani, wenye masikio yaliyolala na miguu mifupi, akavumilia utani kwamba amepata wakwe wa barabarani. Ule ukoo wa majivu ukaisha taratibu.

Siku hizi Sepuka ni mabati, tembe za kuhesabu. Fisi sijawasikia miaka mingi, na jiwe la kusagia la mama, watoto wanalikalia wakichezea simu. Vyote vya zamani navitamani, hata kelele za kwelea kwelea. Lakini pale kwenye benchi la kliniki nilichokiona mbele yangu ni ungo. Maana mwanangu wa pili alilia maumivu ya viungo tangu akiwa ananyonya, macho ya manjano, akafa hajafika miaka mitano. Hospitali walinitajia jina la ugonjwa. Mimi na mume wangu tukawaambia watu ni malaria, ili mabinti zetu wasikose wachumba. Na mimi nilikuwa na swila wangu, basi, wa miaka yote hiyo.

Nesi alikuwa anafunga kadi.

"Subiri, mwanangu," nikamwambia. "Hapo kwenye selimundu, usiandike hakuna."

Mjukuu wangu akageuka kunitazama. Safari hii sikungoja kuulizwa tangu lini.