Mchuzi Tuliougawa Kabla ya Majaji

Habari hii nimeiandika mara tatu kwenye daftari na mara zote tatu nimechana karatasi, kwa sababu kila nikiandika najikuta nimewasema watu vibaya kuliko walivyofanya. Mie niliishia darasa la saba. Sijui hasira inaandikwaje ikakaa ndani ya mstari. Safari hii nitaandika kilichotokea, na nikimwonea mtu nitamsafisha hapohapo.

Yalikuwa mashindano ya kupika mchuzi wa pilipili, kwenye uwanja wa mpira huku kwetu Goba. Tangazo lilibandikwa mlangoni kwa mashine ya kusaga: timu za watu watatu, wapishi wa nyumbani tu, anayeuza chakula haruhusiwi. Zawadi ya kwanza jiko la gesi la plate tatu na mtungi mkubwa.

Jiko hilo ndilo lililotupeleka, tusidanganyane. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ana kifua. Anapikia mkaa kwenye kijichumba cha uani kisicho na dirisha. Nyumba zetu zinatazamana, na akikohoa asubuhi mie kwangu nasikia hadi kijiko kikitikisika mkononi mwake. Daktari alimwambia kwa maneno ya kueleweka: mama, moshi ndio unaokumaliza, acha moshi. Akarudi nyumbani akawasha mkaa, maana watoto walikuwa hawajala. Kaka yangu si mtu mbaya. Kila mwezi anasema mwezi ujao nanunua gesi, na kila mwezi kinatokea kitu, na mara nyingi kitu chenyewe ni cha kweli.

Tukawa wawili, tukamfuata wa tatu. Jirani yetu ni mzee mchonga vinyago, mtu wa kusini, anashinda Mwenge na patasi zake. Tangu mkewe afariki anajipikia, na harufu ya sufuria yake ikivuka ukuta watu wa mtaa huu wanakosa raha.

"Shikamoo mzee," tulimwambia.

"Marahaba. Mmekuja wawili kwa pamoja, basi mna shida."

"Tunataka utuungie timu ya mapishi."

"Mie fundi wa miti, mama."

"Si unapikaga mwenyewe?"

"Napika nisife. Hilo nalo la kushindania?"

Lakini alikuja. Wiki mbili tulifanya mazoezi uani kwake. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba pilipili mbuzi inawekwa nzima na kikonyo chake, inaelea juu ya tui, inatoa harufu yake yote halafu unaitoa kabla haijapasuka. "Ikipasuka," alisema, "hapo hujapika mchuzi tena, umepika dawa ya mende." Ukali wenyewe tuliutoa kwenye pilipili kichaa, tukaziponda na chumvi na kitunguu saumu. Wifi alikuwa na mkono wa tui. Tui la pili linatangulia, samaki anaiva humo, tui la kwanza linaingia mwisho na moto umeshapunguzwa. Mie kazi yangu ilikuwa kukuna nazi, kuosha vyombo na kuwa na wasiwasi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Alfajiri mzee alikwenda Kunduchi akarudi na nguru ambaye macho yake yalikuwa bado yanang'aa. Saa nne tukawasha moto. Tuliambiwa saa saba majaji wanaonja. Saa saba kasoro robo mchuzi wetu ulikuwa tayari, mwekundu wa nyanya, mafuta ya nazi yamejitenga kidogo pembeni kama inavyotakiwa. Wifi alionja, akacheka peke yake. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu aanze kuumwa. Alisema, "Wifi, lile jiko nitaliweka pale penye ndoo."

Saa saba ikapita. Mshereheshaji akatangaza kwenye maiki kwamba mgeni rasmi yuko njiani na majaji hawataonja mpaka afike. Saa nane, yuko njiani. Saa tisa, yuko njiani. Nilikasirika. Timu nane zimesimama juani na masufuria, watu wazima, kumsubiri mtu mmoja aje akae kwenye kiti chenye kitambaa. Baadaye tulisikia kwamba alikuwa msibani. Ikiwa ni kweli, msiba ni msiba, siwezi kusema kitu. Ila simu ziko. Angesema tu, onjeni, nitakuja kugawa zawadi. Hapo nimemtafutia udhuru na huo hausimami.

Sasa kuna kosa letu, na nataka niliandike bila kulipunguza.

Alikuja mwanamke mmoja mjamzito, mimba kubwa, kashika kiuno. Hakuomba. Alisimama tu mbele ya sufuria yetu, akavuta harufu, akameza mate. Wifi akanitazama. Mie tayari nilikuwa na upawa mkononi.

"Mpe," wifi akasema.

Nani angemnyima? Umelelewa Temeke, umelelewa Mtwara, umelelewa popote, mjamzito akisimama mbele ya chakula chako unampa. Tukampa kibakuli. Akala palepale, akalia kwa pilipili huku anacheka, akasema Mungu awabariki. Na watu wakaona.

Akaja mama mwingine na mtoto. Wakaja vijana wawili wa bodaboda: "Sista, onjesha basi, mbona yule umempa?" Akaja babu mmoja na kipande cha ugali kwenye mfuko, amejiandaa kabisa. Mie nilikuwa nagawa. Kila mmoja nilimwambia karibu. Nilikuwa nasikia raha, ndiyo kweli yenyewe. Watu walikuwa wanasema huo mchuzi ndio mshindi, na mie, ambaye sikupika hata kijiko, nilikuwa naitika asante kama mwenyewe.

Mzee alituonya. Naandika hivi kwa sababu baadaye nilijaribu kujisahaulisha.

"Nyie, mnalisha harusi?"

"Mzee, mtu amesimama na sahani, unamwambiaje?"

"Unamwambia subiri."

"Amesubiri toka saa saba kama sie."

Akageukia meza ya majaji. Baada ya muda akasema tena, "Majaji ni watano na mgeni wao wa sita. Kila mtu na bakuli lake, ndivyo walivyosoma asubuhi." Asubuhi wanasoma sheria mie nilikuwa bombani. Nilimsikia mzee, nikasema ndiyo, na mkono wangu uliendelea.

Timu iliyokuwa jirani yetu ilifunika sufuria yake na mfuniko, juu ya mfuniko wakafunga khanga kwa mafundo mawili. Mie nikasema, na nilisema kwa sauti, "Wachoyo hao, chakula kinafungwa kama maiti." Walisikia. Mmoja wao, dada mnene mwenye miwani, alicheka tu. Halafu, na hapa ndipo mpaka leo damu inanipanda, dada huyohuyo alikuja na sahani ya wali.

"Jamani majirani, naombeni mchuzi. Wetu hatujaufungua."

Nikamwekea. Vijiko vitatu na kipande cha mkia. Nikamwambia karibu. Nilikuwa namwona ni mshindani wangu, khanga yao naiona, na mkono ukaenda wenyewe kwenye sufuria. Kwa haki yake: asubuhi alitusaidia kubeba ndoo ya maji, na aliporudisha sahani alikuwa ameiosha. Sidhani alikuja kwa hila. Nadhani alikuwa na njaa. Ningependa awe alikuja kwa hila, ingenirahisishia.

Saa kumi mgeni rasmi akafika. Akahutubia. Tukapiga makofi. Majaji wakaanza kupita, na walipofika kwetu nikainamisha sufuria na upawa ukagonga chini. Tuliambulia mabakuli mawili na miiba.

"Mama, mchuzi wenyewe uko wapi?" aliuliza jaji wa kwanza, mzee wa suti ya kijivu.

Nikamwonyesha mabakuli mawili. Mshereheshaji akasogeza maiki: "Jamani, timu hii wamekuja kushindana au wamekuja kula? Tuwape khanga wafungie tumbo?"

Uwanja mzima ukacheka. Nilitazama waliokuwa wanacheka na baadhi yao walikuwa na vibakuli vyangu mkononi, vidole vina mafuta yetu. Yule kijana wa bodaboda alikuwa anacheka mpaka ameinama. Nilitaka kumfuata nimrudishie mchuzi wake kwa kofi. Wifi akanishika mkono.

Majaji wawili wakaonja. Mmoja alikuwa mama mtu mzima, nadhani mwalimu. Alionja, akatulia, akarudia kijiko cha pili, kitu ambacho sikumwona akifanya kwenye meza nyingine. Akasema polepole, "Mngebakiza."

Nikamwambia, "Basi mama, wapeni na wenzenu kwenye bakuli hilohilo, wachangie."

"Sheria hairuhusu, mwanangu. Kila jaji na bakuli lake."

Nimelifikiria neno hilo kwa muda mrefu. Watu wazima watano, Waswahili, hawawezi kuchangia bakuli moja. Lakini pia sheria ilisomwa asubuhi, na waliosikiliza waliifuata, na mama yule hakuitunga yeye. Majaji watatu waliandika sifuri kwa sababu hawakuonja. Tukawa wa saba kati ya nane. Wa nane waliunguza.

Walishinda wa khanga.

Wakati dada wa miwani anapandishwa jukwaani kupokea jiko, wifi alikuwa anapiga makofi. Kwa moyo, si ya kulazimisha. Mie nilimtazama nikaona hasira yangu yote imekosa mahali pa kukaa. Aliyetakiwa kukasirika anapiga makofi!

Nilionja mchuzi wao baadaye, nilipoombwa nionje. Ulikuwa wa baridi na tui limekatika, ila chumvi ilikuwa sawa na pilipili haikuzidi. Mchuzi wa kawaida. Naandika wa kawaida, siandiki mbaya.

Halafu nikafanya jambo la aibu. Siku mbili nzima nilizunguka nikisema timu ile iliingiza mpishi wa hoteli ya ufukweni, kwamba yule kaka mrefu waliyekuwa naye anafanya kazi hotelini Kunduchi, nimemwona na sare. Nilisema dukani, nilisema kwa msusi, nilisema kanisani baada ya ibada. Ni kweli anafanya kazi hotelini. Anakata majani bustanini. Niliambiwa na mtu anayemfahamu, na ikabidi nirudi dukani, nirudi kwa msusi, nirudi kanisani, niwaambie wale wote kwamba nilikosea. Msusi akaniuliza, "Sasa walishindaje?" Nikamwambia, "Walifunika sufuria." Akasema, "Basi?" Nikasema, "Basi."

Lakini nimeruka jioni ile ya Jumamosi. Tulirudi kwa miguu tukipandisha kilima, mzee mbele na sufuria tupu kichwani, anaimba kitu cha kwao. Wifi alikuwa amebeba ndoo.

"Wifi, nitukane basi," nilimwambia.

"Nikutukane kwa nini? Mie ndiye niliyesema mpe."

"Ulisema mpe mmoja."

"Na wa pili ungemnyima?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, ikabidi asimame ashike ukuta wa watu. Tulipofika, alikwenda moja kwa moja uani, akachukua jiko la mkaa, akaanza kuchambua vipande. Watoto hawajala.

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilivuka, nikanyanyua jiko lile na mfuko wa mkaa, nikavipeleka kwangu. Nikamwambia kuanzia leo nyumba mbili napika mie, hapa nje kwangu penye upepo, watoto walete vyombo.

"Rudisha jiko langu."

"Sirudishi."

"Wifi, umeniona maiti? Mume wangu apikiwe na dada yake, mie nikiwa hai?"

"Daktari amesema."

"Daktari hakusema univue jiko! Leo umegawa mchuzi wangu mtaa mzima sikusema neno. Sasa unataka kugawa na jiko?"

Alikuwa anapiga kelele, na alikuwa analia. Ile hasira niliyoitafuta usoni kwake tangu uwanjani niliipata, na yote ilikuwa yangu. Nilimjibu vibaya pia. Sitaandika nilichosema, alishanisamehe na si vizuri kukirudisha kwenye karatasi. Mzee alichungulia juu ya ukuta, akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akashuka.

Siku tatu hatukusalimiana. Nilipika, watoto wakaja na vyombo, na vyombo vikarudi na chakula nusu. Siku ya nne alikuja mwenyewe, akasimama mbali kidogo na moto, akaonja maharage yangu.

"Hii ndiyo unayowapa wanangu?"

"Ina nini?"

"Haina kitu. Ndiyo tatizo."

Akanipokonya mwiko.

Hivyo ndivyo tunavyoendelea. Asubuhi na jioni mie nawasha mkaa hapa kwangu, napepea mpaka moshi uishe na moto uwe mwekundu, halafu namwita, anakuja kuunga. Kikohozi kimepungua, hakijaisha, sitaki kusema zaidi ya ninachosikia. Hajanishukuru. Kila akija anatafuta kosa kwenye namna nilivyopanga makaa, na kila siku analipata, na mie namjibu.