Saa Nzima ya Chai Nairobi

Mpango wa kuendesha gari kutoka Mombasa hadi Kampala kwa siku moja tuliufanyia chumbani kwetu Bukoto, Kampala, kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi, kwa kutumia atlasi ya shule na uzi wa kushonea. Rafiki yangu aliulowesha uzi kwenye chai ili ushike karatasi, akaulaza juu ya barabara kona kwa kona, kisha akaunyoosha kwenye rula. Mimi niliandika. Tulikuwa madereva wa idara moja ya serikali, vijana wa miaka ishirini na kitu, tuliomaliza sekondari pamoja na kukosa kazi za ofisini pamoja.

Sasa nimevuka arobaini. Nimeishi Kisumu, Bunia, Mwanza, na miji mingine niliyokaa miezi michache tu, na kila nikifika mahali jambo la kwanza ninalouliza ni barabara za kutokea. Barabara nyingi nimezisahau. Ile ya Mombasa naweza kuisema hadi leo kama mtoto anavyosema sura aliyochapwa akifundishwa.

Idara ilikuwa na pikapu mpya iliyofika bandarini. Tulipewa kibali cha siku saba, watu wawili. Treni ya kushuka ingekula siku mbili, bandari ingekula nne, na hesabu ikabakisha siku moja ya kurudi. Katika miaka ile ya serikali ya wanajeshi, mtu aliyepitisha siku ya kibali chake hakuhesabiwa kuwa amechelewa. Alihesabiwa kuwa ametoroka, na aliyeulizwa ni yule aliyemwekea dhamana.

Kwa hiyo tulipanga dakika kwa dakika. Jioni tulikwenda Kawempe kuwauliza madereva wa malori waliozeeka kwenye njia hiyo. Walituambia ndovu huvuka wapi karibu na Voi, ukungu hukaa saa ngapi kule juu Timboroa, na kwamba petroli ijazwe Eldoret, na madebe mawili pia, maana upande wetu vituo vilikuwa vimekauka. Rafiki yangu alipanga hata vizuizi vya barabarani: Tororo sigara, Iganga sigara, daraja la Jinja sabuni, maana askari wa darajani walikuwa wameshachoka na sigara.

"Na kukojoa?" nilimuuliza.

"Utakojoa Mtito Andei, dakika tano, pamoja na petroli. Ukikosa hapo, ngoja Nairobi."

"Na nikibanwa katikati?"

"Ndugu yangu, mkojo wako haukuomba kibali. Hauna haki."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikaandika alichonisomea: kuondoka Mombasa saa tisa alfajiri, Nairobi saa tatu asubuhi, chai, kuondoka saa nne.

"Chai ya saa nzima?" nikasema. "Chai gani hiyo, ya harusi?"

"Mwili wa dereva si injini, bwana. Na hata injini hupozwa."

Mtu aliyenipimia mkojo kwa dakika alinipa saa nzima ya chai. Niliandika.

Fomu ya kibali ilihitaji dhamana ya ndugu wa karibu. Mimi nilikuwa na baba. Yeye baba yake alikuwa amekufa zamani huko kaskazini, na kaka yake, askari jeshi, alikuwa ameitwa kambini asubuhi moja na hakuonekana tena. Habari hiyo alinieleza mara moja tu, tukiwa tumelala kila mtu na kitanda chake, na nilipotaka kumpa pole alisema, "Zima taa."

Tukaenda kwa baba, Kawempe. Baba yangu alikuwa sajini mstaafu wa polisi, mjukuu wa wale askari walioletwa na wakoloni kutoka Sudani. Kwake sheria ya nyumba ilikuwa moja: aliyekula kwenye sinia lake mwaka mzima ni mtoto wake. Hakukuwa na sherehe wala tangazo. Siku moja alianza tu kukukaripia kama wengine, nawe ukajua umeingia. Rafiki yangu alianza kukaripiwa tukiwa kidato cha pili, kwa kuacha viatu mlangoni mdomo wa kiatu ukiangalia ndani.

Mzee alivaa miwani, akajaza jina langu, mbele yake akaandika "mwana". Akafika kwenye jina la pili, kalamu ikasimama.

"Na wewe nikuandike nani?"

Ningependa kusema kwamba rafiki yangu alisita. Hakusita. Alikuwa amekaa mkekani, mikono yake ina mchuzi wa samaki, akamtazama mzee usoni.

"Niandike unavyoniita, Baba."

Mzee akaandika "mwana" mara ya pili, akatia sahihi ya kipolisi, ndefu, yenye mstari chini. Akapuliza wino ukauke. Siku hiyo niliona fahari. Nilidhani nimepata ndugu mbele ya serikali.

Mombasa ikatuchelewesha kama tulivyotarajia. Karatasi ilipata muhuri mmoja ikakosa mwingine, mwenye muhuri alikuwa msikitini, mwenye ufunguo alikuwa msibani. Siku ya sita alasiri pikapu ikawa yetu. Tukaondoka saa tisa alfajiri kama ilivyoandikwa, na sijapata kuona mpango ukitii watu vile. Voi kwa wakati. Mtito Andei dakika tano, nikakojoa kwa haki. Kwenye tambarare za Athi jua lilikuwa limekwishapanda, twiga wakawa wanatuangalia, yeye akiendesha na kuimba vibaya. Tukaingia Nairobi dakika chache kabla ya saa tatu.

Tuliegesha mbele ya hoteli ndogo ya chai karibu na stendi ya mabasi. Akazima gari, akanipa ufunguo, akashuka na koti lake.

"Agiza na ya kwangu. Nakwenda kumtafutia Baba betri za redio. Kampala hazipo."

"Usikawie."

"Tuna saa nzima," akasema.

Niliagiza chai mbili na mandazi manne. Yake ikapoa, ikafanya utando juu. Saa nne ikafika. Nikatoka nje nikasimama kando ya pikapu, nikitazama kila koti lililopita. Nilimfikiria amegongwa na gari. Nilimfikiria amekamatwa. Hadi leo najua mpangilio wa mawazo yale, jinsi nilivyomtafutia misiba yote kabla ya kumpa kosa.

Nikafungua kijitabu chetu cha mpango kuona tumepoteza kiasi gani. Sijui kwa nini nilifunua hadi ukurasa wa mwisho. Labda nilitafuta karatasi tupu ya kumwachia ujumbe. Ukurasa ule haukuwa mtupu. Ulikuwa na ratiba nyingine kwa mwandiko wake, kwa wino uleule wa bluu wa idara tuliouacha Bukoto. "Nairobi, ondoka saa nne na nusu. Usingoje zaidi. Nakuru usisimame. Eldoret petroli, unyooshe miguu, uko peke yako usilale. Malaba saa kumi na moja, wanafunga saa kumi na mbili. Mpakani sema mwenzako ni mgonjwa."

Alikuwa amepima hata subira yangu. Alijua ningengoja nusu saa.

Niliketi kwenye usukani nikausoma tena ukurasa ule. Kila kitu kilikuwemo. Madaraja yalikuwemo, sabuni ya Jinja ilikuwemo, usingizi wangu ulikuwemo. Ratiba ilinifikisha Kampala saa tatu usiku ikaishia hapo. Baba yangu, aliyetia sahihi, hakuwemo.

Ningeweza kubaki. Wengi walibaki Nairobi miaka ile, wakafungua maduka, wakaoa. Lakini mzee alikuwa ameandika "mwana" mara mbili, na kama mmoja angerudi labda wangemhurumia nusu. Saa nne na nusu nikawasha gari. Hilo pia limeniuma tangu siku hiyo, kwamba niliondoka kwa saa yake.

Malaba nilifika saa kumi na moja na dakika chache. Karani wa upande wetu alitazama kibali, akatazama kiti cha pembeni yangu.

"Walitoka wawili."

"Mwenzangu mgonjwa. Yuko hospitali Nairobi."

"Hospitali gani?"

Nikataja jina lililonijia. Akaandika. Aliandika polepole sana, kisha akanitazama kwa namna ya mtu anayekusikitikia bila kutaka uone. "Kale, ssebo," akasema kwa Kiganda, yaani haya, bwana. "Nenda nyumbani."

Siku ya tatu baada ya kibali kwisha, watu wa usalama walikuja Kawempe kumchukua mzee. Walikuwa wawili, na hawakupiga kelele. Alivaa koti lake la kipolisi lisilokuwa na vyeo tena, akatembea mbele yao kana kwamba yeye ndiye anayewapeleka.

Nilikwenda kila asubuhi kwenye ofisi waliyomweka. Siku nane sikuruhusiwa kupita meza ya mlangoni. Siku ya tisa nikaingizwa kwa ofisa mmoja kijana, mnene, aliyekuwa akimenya chungwa kwa uangalifu, ganda moja refu bila kukatika.

"Mzee yako nampenda," akaniambia kwa Kiswahili cha kambini. "Iko na adabu. Lakini nauliza yeye mtoto iko wapi, yeye nasema hajui. Baba gani hajui mtoto yake iko wapi?"

"Si mtoto wake, afande."

"Ameandika."

"Ameandika kwa sababu alikula kwetu. Ni desturi ya nyumba."

"Sasa sikiliza. Kama ni mtoto yake, mzee naficha adui. Kama si mtoto yake, mzee alidanganya serikali. Wewe chagua." Akala kipande cha chungwa. Kisha, labda kwa huruma, labda kwa kuchoka kumwona mzee akisali pale sakafuni, akasukuma karatasi upande wangu. "Ama mzee macho haioni, kichwa imechoka, mtu alimdanganya. Hiyo pia iko. Lakini mtu ya nyumba ndiyo naandika."

Niliandika. Niliandika kwamba yule si wa nyumba yetu, hakuwahi kuwa wa nyumba yetu, alijipenyeza kwa kula chakula chetu. Niliandika kwamba baba yangu ni mzee, haoni vizuri, huchanganya watoto wake na wageni, na kwamba alipotia sahihi hakujua anachosaini. Mwandiko wangu ni mzuri, tulifundishwa wote wawili na mwalimu mmoja. Nikimaliza kila sentensi nilimsikia rafiki yangu akiniambia nisingoje.

Mimi sikumlaumu kwa kukimbia. Kaka yake aliitwa kambini akaenda, na yeye hakutaka kungoja aitwe. Angeniambia ningemsaidia, hilo nimejiambia mara nyingi katika vyumba vya kupanga vya miji mbalimbali. Usiku mwingine najijibu kwamba labda nisingemsaidia, labda ningemwambia baba asitie sahihi, na yeye alinijua kuliko nilivyojijua. Lakini alikaa kwenye mkeka ule, mchuzi mkononi, akamwita mzee Baba. Hapo ndipo ninaposhindwa kupita. Angetafuta mdhamini mwingine. Angemwambia mzee, "Niandike mgeni."

Walimwachia baba mchana uleule. Kabla ya kumfungulia, yule ofisa alimsomea karatasi yangu kwa sauti, neno kwa neno, kisha akamwonyesha mahali pa kutia sahihi kwamba amesikia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya baba. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasaini. Sahihi haikuwa na mstari chini.

Tulirudi kwa miguu kwa sababu hakutaka gari. Alikuwa amekonda, na kisigino kimoja alikikanyaga kwa uangalifu, lakini alitangulia hatua kumi na hakuniruhusu kuzipunguza. Nikiongeza mwendo, aliongeza. Nilimwita, "Baba, pumzika kidogo." Hakugeuka. Niliendelea kumwita mpaka wapita njia wakaanza kututazama.

Tulipofika kwenye njia yetu, jirani yetu mama mmoja aliyekuwa akianua nguo aliziangusha zote akaja mbio.

"Alhamdulillahi! Mzee wangu! Umerudi, umerudi kweli?" Alimshika mikono yote miwili, analia na kucheka. Kisha akaniona mimi nyuma, akachungulia nyuma yangu, njia ilikuwa tupu. "Na yule mwanao mwingine? Yule mrefu? Naye wamemwachia?"

Baba alijitoa mikononi mwake taratibu. Ndipo akageuka, kwa mara ya kwanza tangu tutoke kule, akaninyooshea kidole.

"Muulize huyu," akasema. "Siku hizi ndiye anayeandika watoto wangu ni nani."

Akaingia ndani. Jirani alinitazama, akainama kuokota nguo zake zilizoingia vumbi, moja baada ya nyingine.