Siku Mama Alipofua Glavu za Todi

Asubuhi moja mwaka huu niliamka Okolona, mtaa wa Louisville, nikatia nguo mbili tatu begini, nikapanda basi la kwanza la kwenda kaskazini. Sikuwa na mpango. Sijawahi kuwa nao tangu nilipoacha shule. Tulipofika Columbus akapanda abiria mwenye begi kubwa kama gunia la makaa, na harufu ikamtangulia: ngozi iliyolowa jasho, ikakauka, ikalowa tena. Wenzangu waliziba pua. Mimi nilitabasamu. Harufu ile naijua; ni ya glavu za Todi, jirani yetu wa zamani.

Nilipokuwa na miaka tisa tuliishi Linden, hapo hapo Columbus, sisi ghorofa ya chini, Todi ya juu. Alicheza mpira wa magongo juu ya barafu katika timu ndogo ndogo: mwaka mmoja Louisville, mwingine kwingine, miaka kumi na miwili hivyo hivyo. Meno ya mbele mawili hakuwa nayo. Alingoja jambo moja tu: simu ya timu kubwa ya Buffalo. Mama, aliyekaa kambi ya wakimbizi miaka mingi akingoja jina lake lisomwe kwenye orodha ya safari, alimwelewa kabla hajauelewa mchezo wenyewe. Kila Jumapili alinituma nimpelekee sombe, kisamvu cha kwetu.

Jumamosi moja Mama aliziona glavu za Todi zikining'inia kwenye ngazi, zinanuka hata paka anazikwepa. "Masikini, hana bibi wa kumufulia," akasema. Akazitumbukiza kwenye beseni, akamwaga sabuni vikombe viwili, akazikanyaga kwa miguu kama blanketi zinazofuliwa mtoni.

Ndipo Todi aliposhuka mbio, simu mkononi, uso unang'aa. Ameitwa! Mechi ni jioni ileile, na Buffalo ni mwendo wa saa tano kwa gari. Akaliona beseni. Akaropoka kwa Kiingereza. Mkalimani wa nyumba nilikuwa mimi, nikamweleza Mama: glavu hizi hazifuliwi, zikikauka huwa ngumu kama ubao, na nyingine hana.

"Yesu wangu, nimemuua mutoto wa benyewe! Papa Ombeni, amuka!" akamwita Baba kwa jina langu.

Baba, aliyetoka kazini ghalani alfajiri, alikuja amevaa fulana tu. "Bon, mukamue! Kilio haikaushe kitu!"

Tukakamua wote wanne. Mama akazipuliza kwa kikausha nywele, Baba akazifunga kwenye matundu ya joto ya gari la Todi. Gari linanguruma, Mama akaushika mlango.

"Mama, atachelewa!" nikalia.

"Hakuna mutu anatoka kwangu bila maombi, Ombeni. Hata ku kambi tuliombea kila basi."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba kwa pumzi moja. Todi aliitika amina kutushinda sote.

Jioni tulibanana mbele ya simu ya Baba. Todi alicheza dakika saba kwa jumla. Mpinzani alipokipiga kisahani cheusi wanachochezea badala ya mpira kuelekea golini, Todi alijitupa mbele yake, kikamgonga mbavuni. Akainuka, akanyanyua glavu. Mama alipiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta.

Siku ya tatu alikuwa amerudishwa timu ndogo. Nililia, nikidhani ameshindwa. Yeye alikaa jikoni kwetu, mbavu zimefungwa, akamaliza sahani mbili za sombe.

"Mwambie mama yako," akaniambia, "kila nilipotoka jasho, mapovu yalitoka kwenye glavu. Wenzangu wananiita Sabuni."

Hakuitwa tena. Lakini kisa kile alikisimulia kila wiki, na kila wiki alicheka upya. Nimehama miji mingi tangu hapo, ndipo nikaelewa: Buffalo walimrudisha Todi, lakini zile dakika saba hawakumnyang'anya.

Basi lilinishusha Buffalo kwenye theluji. Nikauliza uliza, nikapata chumba North Buffalo kwa mama mmoja Mrundi. Nikaanika glavu zangu za kazi ya ghalani juu ya kipasha joto.

"Utakaa siku ngapi?" akauliza.

"Sijui, mama. Ndiyo kwanza nimefika."

Akavuta pua. "Hizo glavu zinanuka, mwanangu. Lete nizifue."

Nikacheka hadi nikakaa chini. Kisha nikampa.