Digna, anayehesabu galaksi zilizo nyuma ya galaksi

Saa mbili kasoro asubuhi, mtaa wa Soweto, Moshi. Digna Mtui anavuta pazia la chumba cha ofisi, anafuta kioo cha kompyuta kwa ncha ya kitenge chake, kisha anakisogelea mpaka pua inakaribia kukigusa. Kwenye kioo kuna galaksi moja kubwa yenye mikono miwili iliyojizungusha. Anaweka alama nyekundu juu ya nukta ndogo. Anaifuta. Anairudisha.

"Hii sijui," anasema bila kugeuka. "Jana niliona ni galaksi. Leo naona kama nyota tu."

Kazi yake ni kuhesabu galaksi za mbali sana, zile ambazo mwanga wake umepenya katikati ya galaksi iliyo karibu hadi kutufikia. Zikionekana nyingi, ile ya mbele inapitisha mwanga. Zikionekana chache, ina vumbi linaloziba. Picha zinatoka kwenye darubini iliyo angani. Digna mwenyewe hajawahi kushika darubini ya aina yoyote.

Ana miaka 46. Kwa miaka kumi na minne alichambua kahawa kwa mkono katika kiwanda kimoja mjini, akitoa punje mbovu moja moja, mpaka mashine ilipoletwa na wachambuzi wakarudishwa nyumbani. Akapanda mlimani Uru, kwenye kihamba, shamba la ukoo wa mumewe, kulima migomba na kahawa pamoja na mama mkwe wake, Margareta. Mwaka huu, mwezi Februari, jirani alimwambia kuna mtaalamu wa nyota anatafuta watu wenye macho mavumilivu.

Mtaalamu huyo ni Dk. Valerian Kavishe, mzaliwa wa Mkuu, Rombo. "Nilimpa picha kumi za majaribio," anasimulia. "Wahitimu wawili waliomtangulia walikuwa wameruka karibu nusu ya alizoziona yeye. Nikamwambia aanze kesho yake."

Digna alianza, kwa shilingi elfu kumi na tano kwa siku, bila kuuliza sana. Miezi mitatu ikapita. Kisha Jumatatu moja ya mwezi Mei, Valerian alimwekea karatasi mezani. Katika picha moja, ilisema, zilipandikizwa galaksi ishirini. Digna alikuwa ameona tisa.

"Zilipandikizwa na nani?" aliuliza.

"Na sisi, kwa kompyuta. Ni za bandia, mama."

"Kwa hiyo mmenitega?"

Valerian alianza kueleza, lakini Digna alishabeba mkoba wake. Hakurudi kwa siku nne.

Nyumbani, Margareta alimsikiliza huku akimenya ndizi. "Mama Fabian, sijaelewa. Wamekupa kazi ya kuhesabu vitu ambavyo havipo?"

"Vingine vipo, mama."

"Vilivyopo ni vipi?"

"Hata mimi sijui ni vipi."

Siku ya tano Valerian alipanda Uru mwenyewe. Alimwamkia Margareta shikamoo, akawekewa bakuli la mtori wa ndizi, na hakuligusa mpaka alipomaliza kueleza. Hakuna anayejua, alisema, ni galaksi ngapi hasa ziko nyuma ya ile ya mbele. Nyingine huzibwa na vumbi. Nyingine hazikuzibwa, ila jicho huzikosa kwa sababu galaksi ya mbele imejaa nyota na mng'ao. Basi wanatia za bandia ambazo idadi yake wanaijua, waone jicho linapoteza ngapi. Wakishajua hilo, upungufu unaobaki, ukilinganisha na anga lililo wazi, ni wa vumbi.

"Hatukupimi wewe," alisema. "Tunapima vumbi."

"Lakini mnanipima mimi ili mlipime vumbi."

Valerian alikuna kichwa. "Ndiyo. Ningekuambia mapema. Niliogopa ungeanza kuzitafuta zile za bandia."

"Kwa hiyo analipwa hata kwa asivyoviona?" Margareta aliuliza.

"Hasa kwa hivyo, bibi."

Digna alirudi kazini, lakini utulivu haukurudi naye. Alikumbuka mwezi wake wa kwanza kazini. Kwenye mikono ya galaksi, mahali penye giza, alikuwa akipata nukta mbili, wakati mwingine hata moja asipate. Kiwandani, kutoa punje mbovu chache kulimaanisha mchambuzi amelala. Kwa kuogopa kuonekana mvivu, alitia alama za kubahatisha.

"Kompyuta isingejua kamwe," anasema. "Inazijua za kwake tu. Wiki nzima nilijiuliza kama ni kosa au si kosa. Maana labda nyingine zilikuwa kweli. Nilichanganyikiwa, nikamwambia."

Picha alizobahatisha zilikuwa 38. Kwa hesabu za Digna, galaksi za mbele katika picha hizo zilionekana kupitisha mwanga mwingi kuliko inavyowezekana. Valerian alifungua faili na kufuta hesabu za picha zote 38 mbele yake. Hakumfukuza. "Angenyamaza, ningeandika uongo na nisingejua umetoka wapi," anasema.

Nilipomuuliza Digna kama sasa anajua jibu, yaani galaksi zinaziba mwanga au haziuzibi, alicheka kwa mara ya kwanza. "Daktari anasema inategemea. Kwenye mikono zinaziba, katikati ya mkono na mkono zinapitisha. Miezi yote hii nahesabu, halafu jibu ni inategemea!"

Mkataba wake unaisha Desemba. Amepanga kuzirudia zile 38 zote kabla ya Krismasi, watu wa mjini wakianza kurudi kwao mlimani kwa sikukuu, akiwemo mwanawe Fabian anayefanya kazi Dar es Salaam.

"Ataniuliza kazi yangu hasa ni ipi, na sijui kama ataelewa," anasema, macho yakiwa kwenye kioo. "Nitamwambia nahesabu. Nikiona tisa, naandika tisa. Nisipoona kitu, naandika sijaona."