CD ya Pili ya Mtaliano

Boksi lilifika mchana. Nililifungua palepale sebuleni, shati la kazi bado mwilini, mikono inanuka oili ya kompresa. Mimi ni fundi friji hapa Chumbageni, na oili ile haitoki kirahisi. Nikaenda kunawa. Nikarudi, nikaona kidole gumba bado kinateleza, nikaenda kunawa tena. Mke wangu alikuwa anajifunga mtandio aende shughulini kwa jirani, akaangua kicheko.

"Ungekuwa unanawa hivyo kabla ya kula, humu ndani asingeumwa mtu tumbo."

Acha aseme! Ndani ya boksi mlikuwa na filamu mbili za Mtaliano. Za kweli, mnanisikia? Si zile za kuchomwa zinazouzwa ndani ya mfuko wa nailoni. Kasha gumu, kijitabu ndani, na CD inayong'aa hata uso wangu naona. Nilizigeuza huku na huku, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Mtaliano ni mwongozaji wa zamani wa picha za kutisha. Hata kwao wanaompenda ni wachache, ila hao wachache wanampenda kwa wazimu, na mimi nimo. Kwake yeye ukuta unatoka jasho. Mwanamke anapanda ngazi dakika saba nzima, hakuna kinachotokea, na wewe umeng'ang'ania benchi kwa mikono miwili. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, yuko Italia anatunza wazee, na ndiye anayeninunulia. Akipata mtu anayekuja Tanga, anampa kasha moja au mawili ayafiche katikati ya nguo.

Kuna siku alinipigia simu: "Shikamoo mjomba, nimekupatia yenye popo."

"Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Na ile ya kisima je?"

"Mjomba, mwenye duka anasema hiyo haipo. Hakuna picha ya hivyo."

"Mwambie hajui kazi yake!"

Maana ile ya kisima niliiona kwa macho yangu, tena niliitafsiri mwenyewe mbele ya watu. Na nilishamwahidi mke wangu kwamba nitaipata, hata iwe imezikwa.

Zamani nilikuwa mtafsiri wa picha. Banda letu la video lilikuwa Ngamiani: mabenchi, TV moja, na mimi pembeni na kipaza sauti. Watu wanaangalia, mie nawasemea kwa Kiswahili. Wahindi, Wachina, Wazungu, wote walisema kwa mdomo wangu. Na kwa picha za Mtaliano hakuna aliyenifikia Tanga nzima, nasema bila haya. Kitaliano nilikijua? Hata cha kuombea maji sikuwa nacho, na maandishi ya chini yalikuwa ya Kichina. Utaratibu wangu ulikuwa mmoja tu. Asubuhi najifungia bandani, naipitia picha mara mbili, namjua steringi ni nani na adui ni nani, natunga. Alasiri nafungua mdomo.

Ijumaa moja muuza CD akachelewa. Alifika watu wameshatoka msikitini na mabenchi yamejaa, basi nikaiweka picha bila kuipitia. Wakati ule picha moja ilikuja na CD mbili. Ya kwanza ikiisha watu wananyoosha miguu, wananunua mihogo, nawe unaweka ya pili. Ile ya kwanza ilikwenda vizuri ajabu. Mwanamke mpiga kinanda anasukumwa kisimani na mtu asiyeonekana, na mumewe mwenye ndevu analia ukingoni. CD ikaisha hapo. Nikaweka ya pili.

Lahaula! Mume ni yuleyule na ndevu zake, lakini mwanamke ni mwingine kabisa. Mfupi, nywele nyeusi, nyumba nyingine. Bandani wakaanza: "We mtafsiri, huyu nani tena?" Jasho likanitoka. Mtafsiri akinyamaza amekwisha, watu wataondoka na hawatarudi. Nikasema huyu ni yuleyule mkewe, jini la kisimani limemrudisha na sura nyingine ili kumjaribu mumewe. Yule mwanamume akasimama mbele yake, akamtazama sana, midomo ikacheza. Nami nikamsemea taratibu:

"Sura hii siijui. Lakini wewe nakujua. Twende nyumbani."

Hata muuza mihogo aliacha sinia lake mlangoni, akaja kuangalia.

Benchi la nyuma alikuwepo msichana aliyekuja na kaka yake, amejitanda khanga mpaka puani. Jiko la mafuta lilikuwa limemlipukia, likamwachia kovu toka shavuni hadi shingoni, na tangu hapo alikuwa hatoki nje bila kujifunika uso. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile alisubiri mlangoni mpaka watu wakaisha, akaniuliza, "Kaka, maneno yale ya yule mume yamo kweli kwenye picha?"

Nikajibu kwa kujidai, "Yamo, dada. Neno kwa neno."

Ijumaa iliyofuata akaja bila kujitanda. Mwaka uliofuata nikapeleka posa.

Ndiye huyu mke wangu. Miaka yote hii, akikodolewa macho sokoni na watu wasio na adabu, hurudi nyumbani akasema, "Waache, Mtaliano alishasema." Mie naitikia. Nilijua maneno nimetunga, lakini nilijipa moyo: mume nilimwona kwa macho yangu amemkubali yule mwanamke, Mtaliano atakuwa amesema kitu cha karibu na hicho. Sasa nasoma maandishi ya chini ya Kiingereza, polepole lakini nasoma. Nilitaka nimwonyeshe mwenyewe.

Basi mke wangu akaenda shughulini, nami nikaingiza filamu ya kwanza kwenye deki. Dakika kumi hazijafika nikaruka juu. Mpiga kinanda! Kisima! Nilipiga kelele hadi jirani akauliza kuna nini. Yule muuza duka wa Italia nilimtukana kwa furaha. Mwanamke akasukumwa, akaanguka, mume akalia ukingoni, na picha ikaendelea. Nikasubiri jini. Hakuna jini. Hakuna mwanamke mfupi. Mwishoni kumbe aliyemsukuma ni mumewe! Adui ndiye yeye!

Kisha nikaingiza filamu ya pili, na katikati yake nikamwona mwanamke mfupi wa nywele nyeusi, na mwanamume mwenye ndevu akimwendea. Mwigizaji yuleyule, Mtaliano alimpenda, alimtia kila mahali. Hapo ndipo nikaelewa. Siku ile Ngamiani kasha lilikuwa na CD ya kwanza ya picha hii na CD ya pili ya picha ile. Nilizishona zikawa moja. Picha anayoijua mke wangu haipo duniani, haikuwahi kuwepo. Nikarudisha nyuma nisome mwanamume anasema nini pale anaposimama.

Alikuwa anauliza ufunguo wa geti uko wapi.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu kicheko kikakata nikaogopa, wallahi niliogopa kuliko picha yoyote ya Mtaliano. Mke wangu alivua khanga usoni kwa ajili ya maneno yale. Alinikubali mimi kwa ajili ya hayohayo. Nilimwambia neno kwa neno. Leo nimwambie ufunguo wa geti?

Nikayasukuma makasha chini ya kochi. Akaingia na sahani ya pilau imefunikwa, akanitazama mara moja tu.

"Umeipata."

"Bado."

"Mwongo wewe. Uso umekupauka. Toa."

Nikatoa. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kama mtu aliyeitwa ofisini, kisha nikamwekea filamu ya pili. Mwanamume akasimama, akamtazama mwanamke, midomo ikacheza.

"Anasemaje?" akauliza.

"Anataka ufunguo wa geti."

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Hakucheka. Nikaona ndoa yangu yote inakwenda na geti lile.

"Kwa hiyo ulitunga wewe."

"Nilitunga mimi. Nisamehe mama watoto, nilibabaika, banda lilikuwa limejaa."

"Papo hapo?"

"Papo hapo, jasho linanitoka."

"Ulikuwa umeniona pale nyuma?"

Nikaelewa anachouliza: kama niliyatunga kwa kumwonea huruma. Nilimtazama machoni. "Wallahi sikuwa nimekuona. Macho yangu yalikuwa kwenye TV. Nilikuona mara ya kwanza mlangoni, watu wameshaisha."

Akakaa kwenye kochi, sahani ya pilau bado mapajani, akavua mtandio.

"Siku zote nilijua yupo mwanamume mmoja duniani anayeweza kusema vile, naye ni Mtaliano," akasema. "Wewe sikuwa na hakika nawe mpaka leo."